Maji Yaliyohama Nyuma ya Nyabiondo

Ninyi mnaoondoka Jumatatu kwenda vilimani na mabomba yenu ya plastiki, mmeniomba niwaambie neno kuhusu kazi. Namshukuru Mungu kwamba macho yangu bado yanaona mstari, ingawa mkono unaandika polepole. Nilikuwa fundi wa chemchemi katika Masisi na Walikale, tangu vita ile kubwa ya wazungu ilipokwisha hadi uhuru ulipokaribia. Nimejenga chemchemi nyingi ambazo mpaka leo zinatiririka. Mama zenu wanateka humo na hawajui jina langu, na ni vema hivyo. Lakini mtu akinikalisha niseme, siikumbuki hata moja kati ya hizo. Naikumbuka ile iliyonikimbia.

Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu naona siku hizi mnapanda mlima na karatasi nyingi na sururu chache. Maji ya mlimani hayatengenezwi, yanapokelewa. Unafika mahali ardhi inapolia, unachimba taratibu ukilifuata jicho la maji mpaka ulione linachemka kwenye mwamba au kwenye udongo mgumu. Hapo unaacha sururu unatumia mikono. Unapanga mawe makubwa, halafu madogo, halafu changarawe, unafunika kwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri, unarudishia majani juu. Mbele unajenga ukuta wenye bomba. Mvua isiingie, ng'ombe asikanyage, na wewe usijifanye una akili kuliko mlima. Hiyo ndiyo kazi. Mengine ni saruji tu.

Hayo nilifundishwa na Papa Zakaria. Alijifunza uashi kwa mabruda wa misheni, akijenga makanisa, na alikuwa akisema kwamba kanisa likiinama mtu anaweza kulitegemeza kwa nguzo, lakini chemchemi ikikosewa haina nguzo. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye harufu ya tumbaku, na alionja udongo kwa ulimi kama mama anayeonja mchuzi. Siku nilipoanza kazi kwake alinikabidhi nivo yake, kile kipande cha mbao chenye kioo na povu la hewa ndani, cha kupimia kama ukuta umelala sawa. Akaniambia: "Sikiliza, kijana. Mayi ukiipandisha kidole kimoja, itakasirika. Ukiipandisha mukono, itahama. Jicho iko fasi yake. Weye njo unamufwata, yeye hakufwatake."

Nilikariri maneno hayo kama katekisimu. Msilisahau hilo mnapoendelea kusoma. Nilijua.

Sasa niwaambie jinsi kazi za Leta zilivyokuwa zikipangwa. Leta ndivyo tulivyoiita serikali. Baada ya vita palikuwa na pesa za serikali za kuinua maisha ya watu wa vijijini, na sitasema zilikuwa mbaya. Walileta dawa, walileta madarasa, walileta saruji. Ila hakuna aliyeuliza.

Mara ya kwanza nililiona hilo huko Itebero, msituni, katika Walikale. Tulitembea siku nyingi, Papa Zakaria na mimi na wapagazi wenye saruji kichwani, mvua ikitupiga, mpaka nusu ya saruji ikageuka mawe ndani ya mifuko. Tulipofika, wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu walituamkia vizuri, wakauliza tumeleta nini. Nikajibu kwa fahari kwamba tumeleta maji.

Mmoja akaweka wavu chini. "Bantu, mukuye muone! Muntu wa milima anatuletea mayi! Kesho ataleta na miti!"

Walicheka mpaka wapagazi wetu nao wakacheka. Pale ukisimama na kunyamaza unasikia mito mitatu. Mzee wao alipomaliza kucheka alipangusa macho, akasema polepole: "Papa, shiye tuliomba kilalo. Batoto wanavuka huu muto kwenda kwa dispensaire. Wawili walichukuliwa na mayi. Sasa munatuletea mayi ingine?"

Kilalo ni daraja. Papa Zakaria alimwandikia mkuu wetu barua, akituma mkimbiaji, kwamba saruji hii inatosha nguzo mbili za daraja. Jibu lilirudi: programu ni ya chemchemi. Tukajenga chemchemi hatua kumi kutoka mtoni, nzuri sana, imenyooka. Wanawake walikuja kuoshea miguu.

Njiani kurudi Papa Zakaria alitangulia mbele ya wapagazi siku nzima. Jioni akasema: "Tumejenga jiwe la kaburi ya bale batoto, njo basi."

Kijiji cha hadithi yangu kilikuwa nyuma ya Nyabiondo, mwendo wa asubuhi moja kwa njia ya miguu. Jina lake siliandiki. Wajukuu wao wako hai na wana haki ya kulisema wenyewe. Walikuwa Wakristo, wakulima wa maharage na mihogo, na mababu zao walizikwa kwenye kilima kilekile. Miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Leta ilikuwa inawashusha watu wa vilimani wakae kando ya barabara, ili wahesabiwe kwa urahisi na dawa iwafikie. Kijiji hiki kiliomba kubaki. Mkuu wa teritwari, yaani wa wilaya nzima, akawapa sharti: mkipata maji safi ya bomba, na bomba hilo likitoa maji mpaka katikati ya kiangazi, mtabaki. Likikauka, mtashuka.

Kwa hiyo nilipotumwa kule sikutumwa kujenga ukuta. Nilibeba kilima cha watu mgongoni, na nilijua hilo pia. Papa Zakaria alikuwa amebaki Walikale na homa. Ilikuwa chemchemi yangu ya kwanza peke yangu, na nivo yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Kulikuwa na kikao cha kuwauliza wenyeji, kama karatasi ilivyotaka. Kapita wa kijiji, msimamizi aliyewekwa na Leta, aliwaita wanaume walioandikwa kwenye daftari la kodi, wakakaa kwenye majani. Nikawasomea mchoro. Wakasema ndiyo. Nikawauliza kama wana neno. Wakasema ndiyo, Bwana. Mimi niliyekuwa na suruali iliyoshonwa magotini nikaitwa Bwana, na ilinipendeza. Haikunijia kichwani kwamba nimewauliza watu ambao tangu waoe hawajabeba mtungi.

Aliyekuja kunitafuta baadaye alikuwa Mama Veronika, mjane, na binti yake Yosefina. Kilima kile kilikuwa na desturi yake: chemchemi ina mama yake. Kila mwaka kabla ya kupanda maharage wanawake wote huisafisha, na mmoja kati yao, aliyepewa kazi hiyo na mama mkwe wake, hukaa akiangalia maji yanavyopanda na kushuka. Katikati ya kiangazi, siku maji yanapofika chini kabisa, huweka jiwe jeusi pale pale, na mwaka unaofuata huangalia kama yamefika kwenye jiwe au yamepita. Mama Veronika alikuwa mlinzi wa jiwe hilo.

"Fundi, kuya nikuonyeshe," akasema. Akaingia majini mpaka magotini, akainama, akanishika mkono akaupeleka chini mpaka nikaligusa. "Sasa iko mvua, unaona macho tatu. Hizi mbili za juu ni za uwongo, zinakufaka mu mwezi wa sita. Jicho ya kweli njo hii ya chini. Bomba yako utaweka wapi?"

Nikamwonyesha kwenye mchoro. Mchoro ulichorwa mezani, mmoja kwa chemchemi zote: bomba juu ya ardhi, kimo cha kiuno cha mtu, ili ndoo ikae chini yake vizuri.

Alipima kiunoni mwake kwa kiganja, akatazama jiwe, akanitazama mimi. "Hapana. Acha mayi fasi yake. Chimba chini pale muntu atasimama. Shiye tutashuka, mayi isipande."

Vijana wangu, mwanamke yule hakujua kusoma, na alinisomea neno kwa neno somo la Papa Zakaria. Nilimwambia amesema kweli. Nilifurahi, hata. Kilichobaki ni kuchimba uwanja mbele ya jicho, chini ya kiwango chake, na mtaro wa kutoa maji yanayomwagika. Ulikuwa mwamba. Nilihitaji wanaume kumi, mitaimbo na nyundo nzito.

Wanaume walikuwepo. Walikuwa hatua mia mbili juu yetu, kijiji kizima, wakichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa amri ya ofisi ya kilimo. Mitaimbo ilikuwa mikononi mwao. Nilipanda kwa kapita wao, msimamizi wa mitaro.

"Kapita, nipe bantu kumi, siku kumi tu."

"Bantu ya mitaro iko ya mitaro."

"Lakini kijiji njo kile kile!"

"Kijiji njo kile kile, ofisi iko mbili," akasema, bila hasira, akitafuna muwa. "Bwana yangu akikuta muntu wa mutaro anachimba mayi, fimbo iko yangu, haiko yako. Enda ulete karatasi."

Nilikwenda Masisi kutafuta karatasi. Ofisi yetu na ofisi ya kilimo zilikuwa nyumba moja. Kati yake palikuwa na mlango, na mbele ya mlango walikuwa wamesimamisha kabati kubwa la mafaili, kwa hiyo haukufunguka. Karani wetu alinisikiliza vizuri, akaandika ombi, akagonga muhuri. Nikamwuliza litafika lini upande wa pili. Akaniambia litapanda Bukavu kwanza, kwa wakubwa wa pande zote mbili, halafu litashuka.

"Lakini ninawasikia wakikohoa," nikasema, nikionyesha kabati.

"Hata mimi ninawasikia," akasema karani. "Ninawajua na kwa majina."

Nilirudi kilimani bila kitu. Mama Veronika akaita wanawake. Walikuja na majembe ya kulimia, wengine na watoto mgongoni, wakachimba siku tatu wakiimba, na mimi pamoja nao. Siku ya nne majembe yaligonga mwamba na mawili yakavunjika. Siku hiyohiyo akaja mjumbe: mkuu wa teritwari atapita wiki ijayo badala ya mwezi ujao, na atakuja na mpiga picha.

Hapa ndipo ningeweza kusimama. Ningeweza kumwandikia kwamba kazi haijakwisha na kwa nini. Ningekemewa. Labda ningepoteza kazi, na nilikuwa na mke na mtoto mmoja. Kijiji kingepewa labda msimu mmoja wa kungoja. Nilipiga hesabu hiyo usoni pa Mungu, nikachagua mchoro.

Nilipoanza kuinua ukuta Mama Veronika alikuja akasimama juu ya mawe yangu.

"Sababu ya nini unapandisha mayi?"

"Mama, minafwata karatasi."

"Karatasi inakunywaka mayi?"

"Mama, Bwana anakuya wiki hii. Tukikosa bomba atawashusha sasa hivi. Kwanza aone mayi. Kisha tutarekebisha."

Akashuka kutoka kwenye mawe, akaniacha. Mpaka leo nadhani aliniamini kidogo, na hilo ndilo linalonichoma.

Siku ya sherehe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na macho yote matatu yalikuwa yanasukuma. Bomba lilitapika kama ng'ombe aliyechinjwa. Mkuu alisema maneno marefu sana juu ya usafi, ustaarabu na ushirikiano kati ya Leta na wenyeji. Karani akatafsiri: "Bwana anasema mayi iko muzuri. Pigeni makofi." Wakapiga. Mpiga picha aliwataka wanawake wasimame wima na ndoo mpya, ambazo baada ya picha zilirudishwa garini. Mimi nilipewa mkono na cheti.

Katikati ya mwezi wa saba Yosefina alinikuta Masisi, miguu imejaa vumbi. Hakuniamkia. "Mama anasema uje uone kazi yako."

Bomba lilikuwa kavu. Nilifukua udongo wa juu: ndani ya changarawe hapakuwa hata na jasho. Maji yaliyosukumwa nyuma na ukuta wangu, yaliposhindwa kupanda, yalitafuta ufa mwingine kwenye mwamba. Tuliyafuata kwa macho, na chini ya mteremko tukayaona: kijani kibichi, majani mapya, kijito chembamba kinachong'aa. Kilikuwa ndani ya waya wa shamba la mzungu mmoja. Msimamizi wa shamba aliwaambia wanawake watateka, ila wale tu watakaochuma maua ya pareto siku nzima kwanza. Wengine walikubali. Mama Veronika alikuwa akitembea bonde la pili, kwenda na kurudi nusu ya siku, kwa mtungi mmoja.

Nilikimbilia ofisini kuomba ruhusa ya kubomoa ukuta. Karani alifungua daftari. Kazi imeandikwa imekwisha, na kazi iliyokwisha haibomolewi. Basi nikachukua tindo na nyundo, nikarudi, nikaubomoa kwa mikono yangu, wanawake wakibeba mawe kimya. Tulishuka mpaka kwenye jiwe jeusi. Tukachimba chini yake. Udongo ulikuwa mkavu, mwekundu kama matofali.

Kwa kuharibu mali ya Leta nilikaa gerezani wiki mbili, na nilizifurahia, kwa sababu mle ndani hakuna aliyenitazama. Mkuu alipita kiangazi hichohicho kama alivyoahidi. Hakuona bomba wala ukuta. Kijiji kikashushwa barabarani kabla ya kupanda maharage. Yule kapita wa mitaro ndiye aliyetumwa kuchoma nyasi za paa, wasirudi. Mitaro yake, niwaambie, ilikuwa mizuri. Ilikinga udongo wa mashamba ambayo hayakuwa tena na mtu.

Lile ombi la watu kumi lilishuka kutoka Bukavu baada ya hapo, likiwa na mihuri minne. Limekubaliwa.

Papa Zakaria alipopona alikuja nyumbani kwangu. Nilimweleza yote, sikuficha. Hakunitukana, na mtu yule alijua matusi. Alinyoosha mkono. "Nirudishie nivo yangu." Nikampa. Nimefanya kazi miaka mingine kwa nivo niliyonunua dukani, na kila chemchemi niliyojenga baada ya hapo nilikaa kwanza kiangazi kizima na wanawake, nikiuliza. Wenzangu walinicheka, wakaniita mwanamke wa ofisi. Chemchemi hizo ndizo zinazotiririka leo. Waliozilipia ni watu wa kilima kile, na hawakuulizwa kama wanataka kulipa.

Niliungama dhambi hiyo. Padri alinipa malipizi, nikayatimiza, na ninaamini Mungu amesamehe, maana ameahidi. Halafu nikaenda barabarani, kwenye nyumba mpya zilizopangwa mstari, nikabisha kwa Mama Veronika. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake, akasimama nami nje.

Nilipiga magoti kwenye vumbi nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Simama, Fundi. Kusamehe nimesamehe. Nasali Baba Yetu kila siku, siwezi kudanganya Mungu. Lakini kukuingiza mu nyumba yangu, hapana. Bado siwezi. Usinilazimishe."

"Sitakulazimisha, Mama."

"Ukipita, upite. Tutaongea hapa."

Nilipita kila mwaka. Alinitolea kigoda nje, na maziwa kama yapo, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Tuliongea juu ya mvua, juu ya bei ya maharage, juu ya somo la Jumapili. Nyuma yake mlango ulikuwa umefungwa. Sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru nilifika nikakuta watu wengi wamekaa kimya kwenye ua. Yosefina alikuja mpaka barabarani kunipokea, mara ya kwanza.

"Mama aliacha neno juu yako," akasema. "Alisema, siku ya kunitoa mu nyumba kunizika, Fundi aingie asaidie kubeba."

Akafungua mlango. Nikainama nikaingia, nikashika upande wa miguu, tukatoka naye.